Serikali inapodai ufunguo wa pili wa siri za raia

MCHUUZI wa mitumba katika soko la Gikomba anapomtumia mamake pesa kwa simu, hubonyeza tarakimu nne za siri, akairejesha simu mfukoni na kuendelea kuwaita wateja. Hana haja ya kujiuliza ni vipi tarakimu hizo husafiri hewani, kupitia milingoti na mitambo ya watu asiowajua, bila ya kunyakuliwa njiani. Kinachomlinda ni usimbaji, yaani ufundi wa kuugeuza ujumbe kuwa fumbo la hesabu lisiloweza kufumbuliwa ila na mwenye ufunguo wake.

Ufundi huo ndio chanzo cha mvutano mkali ambao umedumu kwa zaidi ya miaka thelathini baina ya serikali kwa upande mmoja, na raia pamoja na wafanyabiashara kwa upande wa pili. Je, serikali ina haki ya kuamuru kufuli hilo lipunguzwe nguvu, au kudai iwekewe ufunguo wa akiba, ili iweze kuwasaka wahalifu? Swali hilo lilijaribiwa kwa vitendo nchini Marekani katika miaka ya tisini. Makala haya yanakichambua kisa hicho kwa sababu makufuli yaliyodhoofishwa kule hayakubaki kule; yalivuka bahari hadi kwa watumiaji wa tarakilishi na simu katika nchi ambazo hazikuwa na kauli yoyote katika sheria hizo.

Zana ya kivita

Hadi miaka ya sabini, usimbaji ulikuwa kazi ya majeshi, mabalozi na majasusi. Mambo yalibadilika mwaka 1976, wakati Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford walipochapisha mbinu ya kuwawezesha watu wawili wasiowahi kuonana kukubaliana juu ya ufunguo wa siri huku adui akiwasikiliza. Mwaka uliofuata, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa chuo cha MIT walibuni mfumo uliolitia wazo hilo katika vitendo. Elimu iliyokuwa ikifungiwa makabatini ikaanza kufundishwa madarasani.

Serikali ya Marekani haikufurahia. Katika sheria zake za kudhibiti uuzaji wa silaha ng'ambo, programu za usimbaji ziliorodheshwa miongoni mwa zana za kivita. Mtu aliyetaka kuuza programu ya aina hiyo nje ya nchi alipaswa kuomba leseni kutoka Wizara ya Mashauri ya Kigeni, sawa na muuzaji wa mizinga.

Wa kwanza kuonja makali ya sheria hiyo hadharani alikuwa Phil Zimmermann, mtaalamu wa programu kutoka jimbo la Colorado. Mwaka 1991 alitunga programu ya kusimba barua-pepe, akaiita PGP, na kuitoa bure. Muda si muda programu hiyo ilikuwa imevuka mipaka kupitia intaneti, na mwaka 1993 maafisa wa forodha wakaanza kumchunguza kwa tuhuma za kuuza silaha nje bila kibali. Uchunguzi huo uliendelea kwa takriban miaka mitatu, hadi Januari 1996, ulipofungwa bila ya mashtaka yoyote.

Wakati kesi hiyo ikining'inia, shirika la uchapishaji la chuo cha MIT lilitoa mwaka 1995 kitabu chenye maandishi yote ya programu hiyo. Kitabu, tofauti na disketi, kililindwa na katiba kama maandishi mengine yoyote. Mtu aliweza kukinunua, kukitia mkobani, kupanda ndege hadi Ulaya na kukinakili upya ndani ya tarakilishi bila ya kuvunja sheria. Maneno yaleyale yalikuwa silaha yakiwa katika disketi, na fasihi yakiwa karatasini. Sheria inayofikia hatua hiyo huwa tayari imeshindwa na yale inayojaribu kuyatawala.

Ufunguo uliowekwa akiba

Mnamo Aprili 16, 1993, serikali ya Rais Bill Clinton ilitangaza mpango wake mwingine. Simu za siri zingetiwa kijisahani cha elektroniki kilichojulikana kama Clipper. Kijisahani hicho kingesimba mazungumzo kwa ufunguo wenye nguvu ya kutosha, lakini nakala ya ufunguo wa kila kijisahani ingehifadhiwa na serikali, ikiwa imegawanywa vipande viwili: kimoja katika taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia, na cha pili katika Wizara ya Fedha. Polisi wakipata idhini ya kisheria, vipande hivyo vingeunganishwa na mazungumzo kusikilizwa.

Kwa juujuu mpango huo ulionekana wa busara. Ila wateja waliupa kisogo. Kampuni gani ya Ujerumani au Japani ingenunua simu ambayo ufunguo wake uko Washington? Mwaka 1994, Matt Blaze, mtafiti wa maabara za Bell, alipasua jipu kwa kuonyesha kwamba sehemu ya kijisahani iliyokusudiwa kuwafungulia polisi mlango ilikuwa na kasoro, na kwamba mtumiaji mjanja angeweza kuendelea kusimba mazungumzo yake huku akiwanyima polisi njia ya kuyafumbua. Kwa maneno mengine, mwananchi mtiifu angebaki wazi na mhalifu msomi angejificha. Kufikia 1996 Clipper ilikuwa imekufa.

Biti arubaini kwa wageni

Sehemu iliyowagusa watu wengi zaidi haikuwa Clipper bali vivinjari, yaani programu za kusomea tovuti. Hapa inafaa kueleza kipimo kinachotumika. Nguvu ya ufunguo hupimwa kwa biti, na kila biti inayoongezwa huzidisha maradufu idadi ya funguo ambazo mwizi hulazimika kuzijaribu moja baada ya nyingine. Ufunguo wa biti 40 unatoa uwezekano wa funguo zipatazo trilioni 1.1. Idadi hiyo humtisha mwanadamu, lakini haiitishi tarakilishi. Ufunguo wa biti 56 una uwezekano mara 65,536 zaidi ya huo. Wa biti 128 hauwezi kupatikana kwa kubahatisha, hata tarakilishi zote za dunia zikiunganishwa.

Kampuni ya Netscape ilipotoa kivinjari chake, ililazimika kutengeneza aina mbili. Wamarekani na Wakanada walipewa chenye biti 128. Sisi wengine wote, kuanzia mteja wa benki mjini Paris hadi mwanafunzi katika mkahawa wa intaneti jijini Nairobi, tuliruhusiwa kile cha biti 40. Kwa sura vilifanana.

Agosti 1995, Damien Doligez, mtafiti wa taasisi ya INRIA nchini Ufaransa, alitumia tarakilishi zipatazo 120 pamoja na mitambo michache yenye nguvu zaidi, na baada ya siku nane akafumbua ujumbe uliosimbwa kwa kivinjari hicho cha wageni. Januari 1997, mwanafunzi Ian Goldberg wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley aliunganisha tarakilishi 250 za chuo chake na kuupata ufunguo wa biti 40 katika muda wa saa tatu na nusu. Julai 1998, shirika la kutetea haki za mtandaoni la Electronic Frontier Foundation liliunda mtambo uliogharimu chini ya dola 250,000, ambao ulivunja ufunguo wa biti 56, kiwango rasmi cha Marekani tangu 1977, kwa saa 56 pekee. Ikiwa wanafunzi na mashirika ya hisani waliyaweza hayo, msomaji anaweza kukisia yaliyowezekana kwa majasusi wa nchi tajiri.

Upande wa biashara nao ulikuwa na vilio vyake. Kampuni ya Lotus, iliyouza programu ya barua na nyaraka za ofisini, ilitafuta njia ya kati. Toleo lake la ng'ambo lilikuwa na ufunguo wa biti 64, ila biti 24 kati ya hizo zilikabidhiwa shirika la ujasusi la NSA, hivyo kwa shirika hilo zikabaki 40 tu za kubahatisha. Mwaka 1997 habari hiyo ilizua kishindo nchini Uswidi, ambako wabunge na maafisa wa kodi walikuwa miongoni mwa watumiaji wa programu hiyo. Walikuwa wamenunua kufuli pasipo kujua kwamba fundi amebaki na sehemu ya ufunguo.

Aliyenufaika na marufuku hayo alikuwa kijana wa Afrika. Mark Shuttleworth, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Cape Town, alianzisha mwaka 1995 kampuni ya Thawte katika gereji ya wazazi wake. Kwa kuwa Afrika Kusini haikufungwa na sheria za Marekani, Thawte iliweza kuwauzia wateja wa dunia nzima huduma za usalama wa tovuti ambazo makampuni ya Marekani yalikatazwa kuwapa. Desemba 1999 aliiuza kwa kampuni ya VeriSign ya Marekani kwa takriban dola milioni 575. Mwaka 2002 alinunua nafasi katika chombo cha anga cha Urusi na kuizunguka dunia. Sheria iliyowekwa ili kulinda maslahi ya Marekani ilikuwa imemfungulia mshindani wake njia ya utajiri.

Washington ilianza kusalimu amri polepole. Mwishoni mwa 1996 udhibiti ulihamishwa kutoka orodha ya silaha hadi Wizara ya Biashara. Mwaka 1997 mabenki ya ng'ambo yakaruhusiwa kutumia biti 128. Mahakamani, mwanahesabu Daniel Bernstein, aliyekuwa ameishtaki serikali mwaka 1995 kwa kumzuia kuchapisha utafiti wake, alipata uamuzi kwamba maandishi ya programu ni usemi unaolindwa na katiba. Januari 2000 kanuni mpya zikaondoa sehemu kubwa ya vikwazo. Ufaransa, iliyokuwa kali kuliko Marekani kwa kuwa ilidhibiti hata matumizi ya ndani ya nchi, ililegeza msimamo mwaka 1999, na sheria yake ya 2004 ikatamka kwamba matumizi ya usimbaji ni huru.

Mzimu wa sheria iliyokufa

Ingedhaniwa kwamba hadithi imekwisha hapo. La hasha. Programu za tarakilishi hazitupwi kama magazeti ya jana. Hurithiwa, hubandikwa viraka na kubebwa pamoja na uchafu wake. Machi 2015, watafiti waligundua kwamba seva nyingi zilikuwa bado zinakubali kutumia funguo za "daraja la ng'ambo", zile dhaifu za miaka ya tisini. Adui aliyejiweka katikati ya mawasiliano aliweza kuilazimisha seva kuteremka hadi kiwango hicho, kisha akavunja ufunguo kwa saa chache na kwa gharama ya dola zipatazo 100 za kukodi tarakilishi. Kasoro hiyo ilipewa jina FREAK. Miongoni mwa tovuti zilizopatikana na udhaifu huo ilikuwa ya NSA yenyewe. Miezi miwili baadaye ikafichuliwa ya pili, Logjam, yenye asili iyo hiyo.

Simu za mkono nazo hazikusalimika. Mfumo wa GSM ulipobuniwa mwishoni mwa miaka ya themanini, uliandaliwa aina mbili za usimbaji wa mazungumzo: A5/1 kwa Ulaya Magharibi, na A5/2, iliyodhoofishwa makusudi, kwa masoko mengine. Hii ya pili ilivunjwa mwaka 1999, na baadaye sekta ya simu ikalazimika kuiondoa. Mwaka 2021 watafiti wa Ulaya walichapisha uchunguzi wao kuhusu GEA-1, iliyokusudiwa kulinda intaneti ya simu za kizazi cha pili. Walibaini kwamba ufunguo wake uliotangazwa kuwa wa biti 64 ulikuwa na nguvu ya biti 40 tu, na kwamba jambo hilo halingeweza kuwa la bahati mbaya. Miaka zaidi ya ishirini ilikuwa imepita tangu mfumo huo ubuniwe, na uwezo wa kuutumia ulikuwa ungali umo ndani ya baadhi ya simu zilizouzwa madukani.

Hoja ya serikali, na Agosti 7

Si haki kuyaeleza haya bila ya kuipa serikali nafasi ya kujitetea. Polisi wana jukumu la kuwalinda raia, na mhalifu anayesimba mawasiliano yake huwafungia njia ambayo zamani waliizoea, ile ya kuomba kibali cha mahakama na kusikiliza simu. Louis Freeh, aliyekuwa mkurugenzi wa FBI katika miaka hiyo, aliwaambia wabunge wa Marekani mara kwa mara kwamba bila ya funguo za akiba shirika lake lingekuwa kama kipofu. Mfano alioupenda ni wa Ramzi Yousef, aliyelipua jengo la World Trade Center mwaka 1993, ambaye tarakilishi yake iliyopatikana Manila ilikuwa na majalada yaliyosimbwa.

Kwa msomaji wa Kenya hoja hiyo si ya kubezwa. Mnamo Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani ulilipuliwa katikati ya Nairobi na watu zaidi ya 200 wakaangamia. Hata hivyo, kumbukumbu za kesi iliyofuata mjini New York zinatueleza jambo la kutafakari. Majasusi wa Marekani walikuwa wamezisikiliza simu za mfuasi mmoja wa Osama bin Laden aliyeishi Nairobi tangu 1996, na Agosti 1997 nyumba yake ilipekuliwa na tarakilishi kuchukuliwa. Ndani yake mlikuwa na barua iliyosomeka, ikitaja kuwepo kwa kundi lao Afrika Mashariki na hofu yao ya kunaswa. Mwaka mmoja kamili ukapita. Msiba ule haukusababishwa na ukosefu wa ufunguo.

Zaidi ya hayo, mlango uliotengenezewa polisi haubagui anayeupitia. Nchini Ugiriki, kati ya 2004 na 2005, watu ambao hawakutambuliwa wakati huo waliingia katika mitambo ya kampuni moja ya simu na kuwasha kifaa kilichokusudiwa usikilizaji halali wa polisi. Waliwasikiliza zaidi ya watu 100, akiwemo Waziri Mkuu Kostas Karamanlis na mawaziri wake. Marekani yenyewe ilitumbukia katika shimo kama hilo mwaka 2024, ilipobainika kwamba wadukuzi waliohusishwa na serikali ya China walikuwa wamepenya makampuni yake makubwa ya simu, na hata kufikia mifumo inayotumiwa kutekeleza amri za mahakama za kusikiliza simu. Desemba mwaka huo, maafisa wa FBI, shirika lilelile la Freeh, waliwashauri wananchi watumie programu za ujumbe zilizosimbwa.

Ushauri huo haujazizuia serikali nyingine kudai ufunguo. Sheria ya Uingereza ya 2016 inairuhusu serikali kuiamuru kampuni kwa siri iondoe kinga ya usimbaji. Februari 2025 kampuni ya Apple iliamua kuwaondolea wateja wake wa Uingereza huduma ya kusimba nakala za akiba kwa namna ambayo hata Apple yenyewe haiwezi kuzisoma, badala ya kuitoboa kwa dunia nzima. Wateja wa nchi nyingine wakabaki nayo.

Afrika Mashariki

Nchini Kenya, kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamhakikishia kila mtu faragha, ikiwemo ya mawasiliano yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaitaja hatua ya kusimba data kuwa miongoni mwa njia ambazo wanaohifadhi habari za watu wanapaswa kuzizingatia. Hivyo hospitali, duka la mikopo ya simu au shule haiwezi tena kudai kwamba jambo hilo ni la mabenki peke yake. Kwa upande mwingine, marekebisho ya sheria za usalama ya 2014 yaliwapa maafisa wa usalama uwezo wa kunasa mawasiliano katika vita dhidi ya ugaidi, na Februari 2015 Mahakama Kuu, japo ilitupilia mbali vifungu vinane vya sheria hiyo, iliuacha uwezo huo usimame.

Sheria hizo mbili zinaweza kuishi nyumba moja maadamu kunasa mawasiliano kunamaanisha kuchukua kile ambacho kampuni inacho. Zitagongana siku afisa atakapoitaka kampuni ijenge kile ambacho haina. Kampuni ya Kenya inayotunza pesa au rekodi za matibabu za wateja wa nchi jirani itawajibu nini wateja hao iwapo watauliza nani mwingine ana ufunguo? Wajerumani na Wajapani waliuliza swali hilo mwaka 1993, na Clipper ikakosa soko.

Tanzania imepita njia tofauti. Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilitoa tangazo kuhusu VPN, zile njia zilizosimbwa ambazo mabenki, mashirika na watu binafsi huzitumia kupita katika intaneti bila ya kuchunguliwa. Waliozihitaji kwa shughuli zao walitakiwa kujitambulisha kwa mamlaka kabla ya Oktoba 30 na kueleza anwani za mtandaoni wanazotumia. Kwa benki yenye idara ya mitambo na mawakili wa kujaza fomu, hilo lilikuwa usumbufu wa siku chache. Kwa mwandishi wa habari anayemlinda mtoa habari wake, kujaza fomu hiyo kulikuwa sawa na kuitaja njia ambayo mtu huyo alipitia kumfikia.